Uchovu wa Kiti, Uchovu wa Panga

Kwa hesabu ya mwaka 2018, nchi yenye wavivu wachache kuliko zote duniani ilikuwa Uganda. Haya si majigambo ya mwanasiasa jukwaani. Septemba 2018 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walichapisha katika jarida la The Lancet Global Health hesabu iliyounganisha takwimu za nchi 168 na watu milioni 1.9, wakitaka kujua ni watu wazima wangapi ambao hawautumii mwili vya kutosha kulinda afya. Kuwait ilishika mkia, wawili kati ya kila watatu wakiwa chini ya kiwango. Uganda iliongoza: waliopungukiwa walikuwa asilimia 5.5 tu. Na kiwango chenyewe si cha kutisha, ni dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kumfanya mtu atwete kidogo, au 75 za mwendo mkali. Mkulima wa Busoga, mashariki mwa Uganda, humaliza hesabu hiyo ya wiki nzima siku ya Jumatatu, kabla ya chai ya saa nne.

Kwa hiyo lile swali linalopendwa na kurasa za afya, kwamba mtu aliyechoka afanye mazoezi au apumzike, likifika mashariki mwa Uganda hukosa pa kukaa. Lazima kwanza ajulikane anayeuliza, na kilichomchosha.

Chukua mji wa Jinja. Siku za mwisho wa wiki, alfajiri, vikundi vya mchakamchaka hupita katika mitaa mipana iliyopangwa enzi za Waingereza, watu wamevaa fulana za rangi moja, mmoja anaimbisha na wengine wanaitikia. Wamo makarani, walimu, wafanyabiashara, wauguzi waliotoka zamu. Wanaopenda utulivu huteremka upande wa mto, karibu na uwanja wa gofu ambao kwa miaka mingi ulijulikana kwa kanuni yake ya ajabu: mpira ukitumbukia katika wayo wa kiboko, mchezaji anaruhusiwa kuutoa bila adhabu. Ukitoka mjini kwa barabara ya Iganga, mwendo mfupi tu, unafika Kakira, kwenye mashamba na kiwanda cha sukari vilivyoanzishwa na Muljibhai Madhvani. Kiwanda kilianza kusaga mwaka 1930. Huko miwa hukatwa kwa panga, na mkataji huinama, hukata shina, hupogoa majani, hutupa kando, kisha huinama tena. Mchana ukiisha, karani wa benki na mkata miwa wote wawili watasema wamechoka, na kila mmoja atakuwa amesema kweli.

Uchovu wa karani una historia ndefu ya kuchunguzwa. Mwaka 1891 mwanafiziolojia Angelo Mosso wa Turin, Italia, alitoa kitabu kizima juu ya uchovu. Alikuwa ametengeneza chombo kinachopima jinsi kidole kimoja kinavyovuta uzito mara baada ya mara hadi kishindwe. Mwenzake Maggiora alipimwa kabla na baada ya kuwahoji wanafunzi katika mitihani ya mdomo. Hakuwa amebeba gunia wala kupanda ngazi, lakini baada ya mitihani kidole chake kilishindwa mapema kuliko kabla yake. Zaidi ya miaka mia moja baadaye, mwaka 2009, Samuele Marcora na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, walilirudia jambo hilo kwa vifaa vya kisasa. Watu 16 walipewa dakika 90 za kazi ya kompyuta inayotaka umakini usiolegea. Siku nyingine wakatazama filamu za kawaida kwa muda huohuo. Kisha wakapanda baiskeli ya mazoezi na kukanyaga hadi waseme basi. Waliochoshwa akili walidumu kwa wastani wa sekunde 640. Walipotoka kwenye filamu walidumu sekunde 754. Mapigo ya moyo na pumzi havikuonyesha kwamba moyo au misuli ndiyo iliyowaangusha. Tofauti ilikuwa moja: baiskeli ileile, kwa kasi ileile, waliiona nzito tangu dakika za mwanzo.

Hapo karani wa Jinja anapata nusu ya jibu lake. Miguu yake haijachoka. Imekaa chini ya meza tangu saa mbili asubuhi, na kama kuna kinachoiuma, ni huko kukaa. Kilichochoka ni kile kinachoamua kama safari inafaa kuanzwa. Asitegemee kuvunja rekodi yake jioni hiyo, kwa maana kila kilima kitaonekana kirefu kuliko kilivyo. Lakini hana sababu ya kimwili ya kutotoka.

Nusu ya pili ilipatikana Georgia, Marekani, mwaka 2008. Patrick O'Connor na Timothy Puetz walikusanya vijana 36 wasiofanya mazoezi na waliokuwa wakilalamika kwamba wamechoka siku zote. Kundi moja lilikanyaga baiskeli kwa nguvu ya wastani dakika 20, mara tatu kwa wiki, kwa wiki sita. La pili lilifanya hivyohivyo kwa mwendo mwepesi, na la tatu halikufanya lolote. Makundi mawili ya kwanza yalisema nguvu zao zimepanda kwa asilimia 20 hivi. Cha kushangaza ni uchovu: kwa waliokanyaga kwa wastani ulipungua kwa asilimia 49, na kwa waliokanyaga taratibu ulipungua kwa asilimia 65. Mwendo mwepesi uliwafaa wachovu kuliko mwendo mzito. Makocha wa kupiga filimbi na kumfokea mtu aliyetoka kazini hawaupendi utafiti huu, na kwa maoni ya mwandishi hii ni sababu nyingine ya kuupenda.

Kwa hiyo ile desturi ya wakimbiaji wengi ya kujipa dakika kumi ina akili ndani yake. Unavaa viatu, unatembea au kukimbia polepole kwa dakika kumi, kisha unajiuliza tena. Uchovu wa kiti kwa kawaida hulegea hapo. Usipolegea, na miguu ikazidi kuwa mizito kila hatua, geuza nyumbani, hakuna aliyekukodi.

Pengine mtu atauliza kama nafasi na muda vipo. Aprili 2020, nchi ilipofungwa kwa sababu ya korona na Rais Yoweri Museveni akakataza kukimbia barabarani kwa makundi, yeye mwenyewe alitoa video akiwa ofisini, pekupeku, akizunguka juu ya zulia na kumalizia kwa pushapu 30. Alikuwa na umri wa miaka 75. Waganda walicheka, wakatengeneza vichekesho, na wengi wakajaribu pushapu zile sebuleni kwao. Hata hivyo ofisi ya Ikulu ina nafasi ambayo chumba kimoja cha kupanga pale Walukuba, Jinja, hakina, na mama anayerudi kutoka dukani saa kumi na mbili jioni hana zulia linalomsubiri. Ana maji ya kuchota, sigiri ya kuwasha na daftari za watoto za kukagua. Akiambiwa kwamba uchovu wake utaondoka akikimbia, ana haki ya kumkazia macho msemaji bila kujibu.

Kuna uchovu wa tatu, na huu hauondoki kwa viatu.

Vitabu vya mazoezi vya nchi za baridi vina kanuni ya shingo: dalili zikiwa juu ya shingo, kama mafua au kidonda kidogo cha koo, fanya mazoezi mepesi, zikiwa chini ya shingo, au kukiwa na homa, pumzika. Kwa mtu wa Helsinki kanuni hiyo inatosha. Kwa mtu wa Mbale, mji mwingine wa mashariki mwa Uganda, ni mtego. Malaria mara nyingi huanza na kichwa kuuma, mwili kulegea na kutotaka chakula, na Uganda ni miongoni mwa nchi zenye wagonjwa wengi zaidi wa malaria duniani. Anayesema “acha nitoke jasho, itaisha” anaweza kukutana na homa ya nyuzi 39 katikati ya mteremko. Mwili wenye homa tayari unauendesha moyo mbio. Kuuongezea mbio nyingine ni kuutoza kodi mara mbili. Kipimo cha haraka cha kidoleni huchukua robo saa, muda mfupi kuliko mchakamchaka wenyewe.

Damu nayo ina maneno yake. Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2016 uliwakuta wanawake 32 kati ya kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Hemoglobini ndiyo inayobeba oksijeni kutoka mapafuni. Ikipungua, moyo hulazimika kuzungusha haraka kile kidogo kilichopo, na mtu hutweta kwa kupanda ngazi za ghorofa moja. Mwanamke wa namna hiyo akijiunga na kikundi cha mazoezi na kubaki nyuma wiki baada ya wiki, wenzake humwita mlegevu. Anachohitaji ni kupimwa damu, kujua kama ni madini ya chuma, minyoo, hedhi nzito au malaria ya kujirudia, kisha kutibiwa. Nguvu za kukimbia zitafuata. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Mbale inalijua tatizo hili kwa sura yake mbaya kabisa: ilikuwa mojawapo ya vituo vya utafiti mkubwa wa uwekaji damu kwa watoto wa Uganda na Malawi, zaidi ya 3,000 waliolazwa wakiwa na upungufu mkali, ambao majibu yake yalichapishwa mwaka 2019.

Tena kuna selimundu. Watafiti walipochunguza matone ya damu yaliyokaushwa ya watoto wachanga karibu 100,000 kutoka wilaya zote za Uganda, katika ripoti ya mwaka 2016, waliikuta asilimia 13.3 ina chembe moja ya urithi wa ugonjwa huo, na asilimia 0.7 ina ugonjwa wenyewe. Baadhi ya maeneo ya mashariki na kaskazini yalizidi wastani huo. Mwenye chembe moja huishi kama wengine na anaweza kucheza mpira maisha yake yote. Lakini juhudi za kupindukia, kwenye jua kali, bila maji, zimewahi kuwaangusha askari na wanamichezo wenye chembe hiyo huko Marekani, kiasi kwamba vyuo vikuu huko viliamua kuwapima wachezaji wao. Mwenye ugonjwa kamili anaambiwa wazi asijichoshe wala kukaukiwa na maji, kwa kuwa uchovu wenyewe unaweza kumwamshia maumivu. Mwalimu wa michezo anayemwadhibu mtoto mchovu kwa kumzungusha uwanja mara kumi, katika shule yoyote kati ya Iganga na Mbale, anacheza kamari na damu asiyoijua.

Kutoka Mbale barabara inaufuata Mlima Elgon kuelekea Kapchorwa, na hapo swali linahamia kwa watu ambao kuchoka ndiyo kazi yao. Stephen Kiprotich, aliyewatoroka Wakenya wawili na kushinda marathoni ya Olimpiki mjini London Agosti 12, 2012, kwa saa 2:08:01, ni wa huko. Ilikuwa dhahabu ya kwanza ya Olimpiki kwa Uganda tangu ile ya John Akii-Bua mwaka 1972. Na Joshua Cheptegei ni wa huko.

Machi 26, 2017, Cheptegei alikuwa na miaka 20. Mashindano ya dunia ya mbio za nyika yalikuwa yamekuja Kampala, uwanja wa Kololo, na Waganda wamejaa pembeni. Mbele ya Wakenya na Waethiopia akachomoka, akafungua mwanya, na mzunguko wa mwisho ulipoanza alikuwa peke yake akishangiliwa kama aliyekwisha kuvikwa medali. Kisha miguu ikakataa. Kwenye picha za siku ile anaonekana akiyumba, magoti yamelegea, mikono inatafuta pa kushika hewani. Geoffrey Kamworor wa Kenya akampita, kisha wengine, na wengine. Alimaliza wa 30.

Watu walisema mengi: alirogwa, alikunywa kitu, alikosa akili ya mbio. Jibu la kawaida linatosha. Siku ya joto, mbele ya watu wa nyumbani, kijana alikwenda kwa kasi isiyodumu, na mwili ukakusanya deni lake lote kwa mkupuo. Huo ndio uchovu ambao hakuna nia wala wimbo unaoweza kuubembeleza. Agosti ya mwaka huohuo, mjini London, alishika nafasi ya pili nyuma ya Mo Farah katika meta 10,000, akiachwa kwa chini ya nusu sekunde. Mwaka 2019 akatwaa ubingwa uleule wa nyika huko Aarhus, Denmark. Oktoba 7, 2020, mjini Valencia, akavunja rekodi ya dunia ya meta 10,000 kwa dakika 26:11.00, na mwaka 2024 akachukua dhahabu ya Olimpiki ya umbali huo jijini Paris.

Wanaotamani kumwiga hutazama rekodi. Kwenye nyanda za Elgon, sawa na upande wa pili wa mpaka, Kenya, huko Iten na Kaptagat, kinachomshangaza mgeni ni jinsi wakimbiaji wanavyopumzika. Siku za kasi ni chache katika wiki. Katikati yake kuna mbio za polepole mno, mwendo ambao mtu wa kawaida aliyejiandaa vizuri angeweza kuandamana nao kwa kitambo, watu wakipiga soga. Baada ya chakula cha mchana kambi hulala. Misuli iliyochanika kidogo kwa kukimbia huungwa wakati wa usingizi na chakula, na anayekimbia kwa nguvu juu ya uchovu wa jana huchana palipokuwa pakishonwa. Dalili wanazozisikiliza hazihitaji maabara: moyo unaopiga haraka kuliko kawaida mtu akiwa bado kitandani, usingizi unaokatika, hasira isiyo na sababu, hamu ya ugali kupotea. Zikikaa siku kadhaa, kocha hupunguza mbio. Mtu anayelipwa ili achoke anauogopa uchovu kuliko karani anayejitesa Jumamosi ili afidie siku tano za kiti.

Chini ya mlima huohuo, upande wa Mbale, Wagisu wana njia yao ya kuutumia uchovu. Katika miaka shufwa, kuanzia Agosti, vijana wanaoingia imbalu, yaani jando lao, hucheza na kukimbia kwa siku nyingi, njuga mapajani na ngoma za kadodi nyuma yao, wakipita kwa wajomba na shangazi kuomba baraka kabla ya kusimama mbele ya ngariba bila kupepesa jicho. Ni mazoezi makali kwa kipimo chochote. Lakini kila nyumba wanayofika kuna kitu cha kula na mtu wa kuwasindikiza, na kijana hakai peke yake na uchovu wake hata saa moja. Wakuu wa vikundi vya mchakamchaka wangefaidika kwa kulitazama jambo hilo la mwisho.

Amebaki mkata miwa wa Kakira. Yeye yumo katika ile asilimia 94.5 iliyoipa Uganda sifa, pamoja na wachukuzi wanaoshuka mlima wa Wanale na ndizi kichwani hadi masoko ya Mbale, na waendesha baiskeli wanaobeba abiria. Kwa hesabu ya mwaka 2018 wote wako sawa na mkimbiaji wa Jumapili, dakika kwa dakika. Mwili hauhesabu hivyo. Mwaka 2018 huohuo, uchambuzi wa tafiti nyingi ulioongozwa na Pieter Coenen wa Amsterdam uliwakuta wanaume wenye kazi za sulubu wakiwa na hatari ya kufa mapema kwa asilimia 18 zaidi ya wenye kazi nyepesi, wakati mazoezi ya hiari huelekea upande mwingine. Mwenzake Andreas Holtermann wa Denmark anatoa maelezo yanayoeleweka na yeyote aliyewahi kulima: mazoezi ni mafupi, yana mwisho, na hufuatiwa na kupumzika, kazi huendelea saa nane, kwa mkao uleule, moyo ukiwa juu kutwa, na kesho mapema inaanza tena kabla ya mwili kujirudi. Kumwambia mtu huyu aongeze mazoezi jioni ni kumdhihaki. Akicheza mpira na wenzake machweo, kwa furaha yake, ni sawa; dawa ya uchovu wake iko kazini.

Dawa hiyo iliwahi kujaribiwa El Salvador, ambako ugonjwa wa figo uliwaua wakata miwa wengi wanaofanya kazi ngumu kwenye joto. Katika jaribio lililochapishwa mwaka 2016, wakataji walipewa maji ya kubeba mgongoni, hema la kivuli linalohamishika, vipindi vya kupumzika vilivyopangwa, na panga lililoboreshwa. Mtu angehofia kwamba tani zingepungua. Kila mkataji alikuwa akikata wastani wa tani 5.1 kwa siku. Baada ya mabadiliko hayo akafika 7.3.

Busoga ya leo ina maelfu ya wakulima walio nje ya mashamba ya viwanda, wanaoviuzia viwanda hivyo miwa, wengi wenye ekari chache na vibarua wachache wa msimu. Hawahitaji mradi wa kigeni kuyafanya hayo. Wanahitaji mitungi ya lita 20, saa ya mkononi, na mwembe mmoja ambao haukukatwa kuipisha miwa.